Falme za India katika michezo ya kompyuta: Je, historia imetendewa haki?

KWA vijana wengi wa mijini, habari za kwanza kuhusu wafalme wa India wa karne za kati hazipatikani darasani. Zinapatikana kwenye kompyuta, katika michezo ya mkakati ambamo mchezaji hujenga miji, hukusanya mali na kupeleka majeshi vitani.

India yenyewe ni chimbuko la michezo ya aina hiyo. Sataranji inayochezwa leo ilitokana na chaturanga, mchezo wa Wahindi wa kale ulioiga jeshi lenye vikosi vinne: askari wa miguu, farasi, tembo na magari ya vita.

Pamoja na hayo, watengenezaji wa michezo ya kompyuta walichelewa kuipa India nafasi yake. Mchezo wa Age of Empires II, uliotolewa mwaka 1999 na kuhusu karne za kati, haukuwa na taifa hata moja kutoka India, ingawa Wajapani na Waajemi walikuwamo.

Wahindi waliingizwa mwaka 2013 kupitia nyongeza iliyoitwa The Forgotten, tena wote kwa jina moja. Wachola wa kusini, masultani wa Delhi na wafalme wa Bengal wakatiwa kapu moja, kana kwamba walikuwa na lugha moja, mtawala mmoja na namna moja ya kupigana.

Kasoro hiyo ilishughulikiwa Aprili 2022, ilipotoka nyongeza ya Dynasties of India. Taifa hilo moja liligawanywa, wakapatikana Wahindustani, Wabengali, Wagurjara na Wadravidi. Wachezaji pia walipewa visa vya Babur, Devapala wa Bengal na Rajendra wa Wachola.

Hatua hiyo ilistahili pongezi. Rajendra, aliyetawala kuanzia mwaka 1014 hadi 1044, alipeleka kikosi cha majini mwaka 1025 kuishambulia dola ya Srivijaya, ng'ambo ya Ghuba ya Bengal. Ni tukio kubwa katika historia ya Bahari ya Hindi, ambalo vitabu vingi vya shule nje ya India havilitaji.

Hata hivyo, jina la Wadravidi lina utata. Lilipata maana yake ya kundi la lugha katika karne ya 19, baada ya mmisionari Robert Caldwell kuchapisha kitabu chake cha sarufi mwaka 1856. Wachola, Wapandya na wafalme wa Vijayanagara hawakuwa taifa moja lenye jina hilo. Wachola na Wapandya walikuwa mahasimu wa muda mrefu.

Wabengali nao wamepewa magari ya vita yanayokokotwa na farasi. Magari hayo yalibaki katika mashairi, katika sanamu za mahekalu na katika chaturanga, lakini majeshi ya India yalikuwa yameyaacha karne nyingi kabla ya falme zinazoonyeshwa mchezoni.

Kasoro kubwa zaidi, hata hivyo, haimo katika silaha. Imo katika uchumi.

Katika michezo mingi ya aina hii, farasi hutoka zizini baada ya mchezaji kulipa chakula na dhahabu. Katika India halisi, farasi wazuri wa vita walikuwa adimu, hasa kusini. Waliletwa kwa majahazi kutoka Uarabuni na Uajemi, kupitia bandari kama Hormuz, kwa gharama kubwa. Mfalme aliyekosa bandari au kugombana na wafanyabiashara wa farasi alijiweka hatarini.

Mahekalu pia hayakuwa nyumba za ibada tu. Hekalu kubwa la Thanjavur, lililokamilika yapata mwaka 1010 chini ya Rajaraja wa Kwanza, lina maandishi kwenye kuta zake yanayoorodhesha mali, wafanyakazi na vijiji vilivyolihudumia. Lilikuwa na ardhi, lilikopesha fedha na kuajiri mamia ya watu. Mchezo unaolifanya hekalu kuwa mahali pa kupata makasisi tu huacha nje sehemu kubwa ya nguvu za dola.

Kampuni ya Paradox Interactive ya Sweden imejaribu njia nyingine, kwa kuweka mkazo kwenye nasaba na utawala kuliko mapigano. Mwaka 2014 ilitoa Rajas of India, nyongeza ya mchezo wa Crusader Kings II, iliyoingiza dini za Kihindu, Kibudha na Kijaini pamoja na mfumo wa matabaka.

Hapo pia historia imekuwa pana kuliko mchezo. Watawala wa Kakatiya wa Warangal, katika baadhi ya maandishi yao ya mawe, walijitaja kuwa Washudra, tabaka la chini miongoni mwa manne ya jadi, wala hilo halikuwazuia kujenga dola yenye nguvu. Tabaka lilikuwa na uzito, lakini halikuwa sheria ya chuma kama programu ya kompyuta inavyolazimika kuliweka.

Suala la dini ndilo nyeti zaidi. Michezo mingi huhesabu tofauti ya dini kati ya mtawala na raia kuwa chanzo cha machafuko, na majirani wa dini mbili huwa maadui karibu moja kwa moja.

Ukweli ulikuwa na sura nyingi. Vita na uporaji wa mahekalu vilikuwapo, na hakuna sababu ya kuvificha. Lakini wafalme Wahindu wa Vijayanagara waliajiri askari Waislamu, walivaa mavazi yaliyofuata mitindo ya makasri ya Kiislamu na kujipa cheo cha "sultani miongoni mwa wafalme Wahindu". Masultani wa Bahmani, kwa upande wao, walikuwa na Wahindu katika utumishi wao.

Jambo hili si la mchezo tu. Nchini India, historia ya karne za kati imekuwa uwanja wa siasa. Msikiti wa Babri ulibomolewa mwaka 1992 kwa madai yanayorudi nyuma hadi enzi za Babur, na mwaka 2023 sura kuhusu makasri ya Wamoghuli iliondolewa katika kitabu cha historia cha darasa la 12. Pale kitabu kinaponyamaza, kijana atachukua picha anayoipata kwingine, na mchezo wa kompyuta uko tayari kumpa.

Upwa wa Afrika Mashariki nao una sehemu yake katika habari hii. Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331, na miaka michache baadaye akawa kadhi mjini Delhi chini ya Sultani Muhammad bin Tughluq. Watumwa na askari wenye asili ya Kiafrika walipanda vyeo India, hata Wahabeshi wakatawala Bengal kati ya mwaka 1487 na 1494. Katika ramani nyingi za michezo, pande hizo mbili za bahari hazijuani.

Watengenezaji wana utetezi wao. Mchezo lazima uchezeke, kila upande uwe na nafasi ya kushinda, na hakuna mtu atakayekaa saa nzima akisubiri jahazi la farasi. Hoja hiyo ina uzito, kwani hata sataranji haikufundisha namna ya kulisha jeshi.

Lakini watengenezaji walewale huuza bidhaa zao kwa jina la historia. Mageuzi ya mwaka 2022 yalionyesha kuwa wanaweza kurekebisha walichokosea. Kilichobaki sasa ni farasi waliovuka bahari, mahekalu yaliyokopesha fedha na masultani walioajiri Wahindu, mambo ambayo bado hayajapata nafasi yao mchezoni.