Subira na Kidonge
Juma hili, katika kumsomea mzee jirani yangu kikaratasi kilichokunjwa ndani ya kijisanduku cha dawa yake ya maradhi ya kutetemeka, yale yaitwayo Parkinson, nilikuta onyo lililonishtua: kwamba pramipeksoli, ambayo huiga kazi ya dopamini katika ubongo, yaweza kumtia mtu ashiki ya kamari asiyopata kuijua maishani mwake. Wahenga walinena kuwa subira huvuta heri, nami naiheshimu kauli hiyo tangu utoto. Lakini subira nayo ina maskani katika ubongo, na maskani hayo yakiguswa, shilingi ya leo hung'aa kupita mia za mwezi ujao, hata machoni pa mtu aliyeishi umri wake wote kwa uangalifu na uchaji. Uchunguzi wa Marekani na Kanada uliochapishwa mwaka 2010 ulikuta ashiki za namna hii, za kamari, ununuzi, ulaji na mengineyo, kwa wagonjwa wapatao 17 katika kila 100 waliotumia dawa za jamii hiyo. Basi tabibu aandikaye kidonge hicho bila ya kuwaonya mgonjwa na ahali zake ameitibu mikono na kuihatarisha nyumba. Nawasihi wenye wagonjwa: mkiona fedha zatoweka, msimlaumu mzee wala msimkatize dawa kwa ghafla, kwani huko nako kuna hatari, bali mwelezeni tabibu upesi.