Kabla ya Kugawana Wachezaji, Uliza Nani Aliyehesabu



Ikiwa wewe na wenzako wa Gitega mmekusudia kuanzisha ligi ya kubuni msimu huu, ile ambayo wachezaji wa kweli hugawanywa kwa zamu na kila mmoja wenu akawa kocha wa kikosi kilichomo daftarini tu, nina ombi moja: siku ya mgawo isikukute umeshika orodha ya mtu mwingine.

Mchezo huu kwa namna tuijuayo leo unadaiwa mengi na besiboli. Mwaka 1980, mjini New York, mwandishi Daniel Okrent na marafiki zake waligawana wachezaji wa ligi ya Marekani na kushindana kwa takwimu zilizochapishwa magazetini. Kwetu umefika kwa njia ya soka la Uingereza. Katika Fantasy Premier League unapewa bajeti ya milioni 100, unachagua wachezaji 15, na huruhusiwi kuchukua zaidi ya 3 kutoka klabu moja. Bao la mshambuliaji lina alama 4, la kiungo 5, la beki 6. Ukizifahamu tarakimu hizo tatu, utaona kwamba mfungaji anayesifiwa na kila mtu si lazima awe ndiye anayekufaa. Kanuni za mchezo ndizo zinazompa mchezaji thamani, na anayeanza kuchagua bila kuzisoma anacheza mchezo mwingine kabisa.

Sasa nikuombe utenganishe maneno mawili ambayo wanafunzi wangu huyachanganya: takwimu na orodha ya ubora. Takwimu ni jambo lililohesabiwa, kama mabao, dakika uwanjani au pasi za mabao. Orodha ya ubora ni rai. Mtu fulani amekaa, akazitazama takwimu, akaamua lipi lina uzito na lipi halina, kisha akaandika 1, 2, 3. Tarakimu zile huifanya rai ionekane kama kipimo. Huenda rai hiyo ni nzuri, lakini ni haki yako kuuliza imejengwa juu ya nini.

Mfano tunao nyumbani. Saido Berahino, aliyezaliwa Bujumbura, aliifungia West Bromwich Albion mabao 14 ya ligi katika msimu wa 2014/15. Angekuwapo mtu wa kupanga orodha kwa msimu huo mmoja, angemweka juu, na asingekosea katika hesabu. Lakini baada ya Februari 2016 zilipita siku zaidi ya 900 kabla hajafunga tena katika mechi ya mashindano ya klabu, hadi Agosti 2018. Mabao 14 yalikuwa kweli. Kilichokuwa uongo ni dhana kwamba yangejirudia yenyewe. Kwa hiyo usitazame msimu mmoja. Tazama mitatu, na zaidi ya mabao utazame dakika, kwa kuwa asiyechezeshwa hafungi. (Berahino huyohuyo ndiye aliyekuwa nahodha wa Intamba mu Rugamba nchini Misri mwaka 2019, Kombe letu la kwanza la Mataifa ya Afrika. Mechi 3, mabao 0. Sitasema zaidi, jeraha bado bichi.)

Linaloniuma zaidi ni hili. Kijana wa Muyinga anaweza kukueleza wastani wa mashuti ya mshambuliaji wa London, lakini muulize beki wa kushoto wa Flambeau du Centre, klabu ya Gitega iliyotwaa ubingwa wa Burundi msimu wa 2021/22, alicheza dakika ngapi, naye atanyamaza. Si kosa lake, maana ni nadra kwetu mtu kukaa akahesabu na kuweka kumbukumbu. Basi ninawashauri mjaribu ligi ya kubuni ya Primus Ligue. Wa Gitega waende uwanja wa Ingoma na daftari, wa Muyinga wafanye vivyo hivyo kwao, na mwisho wa juma mbadilishane hesabu. Mtagundua upesi jinsi ilivyo vigumu kukubaliana nani alitoa pasi ya bao. Mkishabishana hivyo mara mbili, hamtaisoma tena tarakimu yoyote gazetini bila kumfikiria aliyeshika kalamu.

Zamu ya kuchagua huamuliwa kwa kura. Katika duru ya pili aliyekuwa wa mwisho huwa wa kwanza. Neno kura ni la kuzingatia. Asili yake ni jambo la bahati, nalo ndilo tunalolitumia kwa uchaguzi wa wabunge. Tazama basi tofauti. Kwenye ligi yako unachagua mchezaji mmoja mmoja. Kwenye uchaguzi wa bunge Burundi unachagua orodha nzima ya chama, wala huwezi kuondoa jina moja au kulipandisha. Katiba inaweka masharti ya kupanga: katika kila majina matatu yanayofuatana, mawili tu yanaweza kuwa ya kabila moja, na bungeni wanawake wasipungue asilimia 30. Masharti hayo nayaunga mkono. Lakini mgawo wenyewe, yaani nani awe wa 2 na nani wa 9, umekwisha kufanyika ndani ya chama kabla hujafika kituoni. Wa 2 ana matumaini ya kiti. Wa 9, katika chama kinachopata viti vichache mkoani, anapamba karatasi.

Mikoa sasa ni 5 badala ya 18, na Muyinga imo ndani ya Buhumuza pamoja na Cankuzo na Ruyigi, kwa hiyo orodha inayokuja mbele yako itakuwa na majina mengi ya watu usiowahi kuwaona. Orodha zitakapotangazwa, chukua daftari lilelile la Ingoma. Andika jina, nafasi yake, na kando yake jambo moja ambalo mtu huyo amelifanya na linaloweza kuhesabiwa. Ukikosa la kuandika, acha pengo, kisha nenda kwenye mkutano wa kampeni ukaulize kuhusu hilo pengo.