Kaya hewa za TASAF: Aadhibiwe aliyepokea au aliyesaini?

Siku ya malipo ya TASAF vijijini Ufipa, kuanzia Laela mpaka Matai, utawaona bibi na kina mama wamewahi mapema na vitambulisho mkononi. Kila uhakiki unapopita, kuna jina linalokatwa. Swali ambalo wengi hawaulizi: jina lisilostahili likikutwa kwenye orodha, nani anabeba mzigo?

Tuanze na ukubwa wa tatizo. Februari 17, 2020, akizindua kipindi cha pili cha Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini jijini Dar es Salaam, Rais John Magufuli alisema kaya hewa 73,561 zilibainika katika kipindi cha kwanza. Mpango wenyewe ulikuwa na kaya takribani milioni 1.1.

Piga hesabu kidogo. Ruzuku ya msingi wakati huo ilikuwa Sh10,000 kwa mwezi. Hata kama kila kaya hewa ingechukua hiyo tu kwa mwaka mzima, ni zaidi ya Sh8.8 bilioni.

Jina linaingiaje?

Kaya hewa ni kaya inayolipwa wakati haistahili. Mtu kafariki, kahama, au hakuwahi kuwa maskini, lakini jina linaendelea kula.

Sasa jina haliingii lenyewe. Mkutano wa kijiji unataja kaya maskini, dodoso linajazwa nyumba kwa nyumba, mfumo unapima hali ya kaya, halafu orodha inarudi kijijini kuthibitishwa. Hapo katikati wapo mtendaji wa kijiji, mwenyekiti, kamati ya jamii, wawezeshaji na mratibu wa TASAF wa halmashauri.

Kwa maana hiyo, mkulima wa Mpui hawezi kujiingiza peke yake. Lazima kuna mtu amemwandika, na mwingine amepitisha.

Adhabu zipo, ila hazilingani

Ya kwanza ni kukatwa au kufutwa. Hii ndiyo nyepesi kuitekeleza. Katika utaratibu wa kipindi cha kwanza, mtoto asipofikisha asilimia 80 ya mahudhurio shuleni, au mtoto mdogo asipopelekwa kliniki, ruzuku inapunguzwa. Jina likitiliwa shaka, linatolewa.

Ya pili ni nidhamu kazini. Mtendaji wa kijiji na mratibu ni watumishi wa umma, na halmashauri inaweza kuwasimamisha, kuwachunguza na hata kuwafukuza. Mwenyekiti wa kijiji ni habari nyingine: amechaguliwa na wananchi, hana barua ya ajira ya kufutiwa na mkurugenzi. Mkutano wa kijiji ndio wenye nguvu ya kumwondoa, na hapo kuna undugu, ujirani na woga.

Ya tatu ni mahakama. Kujipatia fedha kwa udanganyifu ni kosa chini ya Kanuni ya Adhabu, kifungo chake kinafika miaka saba. Kwa mtumishi, Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007 inagusa ubadhirifu, matumizi mabaya ya madaraka na nyaraka za uongo, na hapo ndipo Takukuru inaingia. Lakini kesi inataka ushahidi, mashahidi na muda mrefu. Kufuta jina kunataka kalamu tu.

Ndiyo maana mzigo unaelekea chini. Anayepokea anaadhibiwa haraka, aliyesaini anasubiri uchunguzi.

Ufipa ina jambo lake

Huku kuna kaya zinazoteremka Lyamba lya Mfipa msimu wa kilimo kwenda Bonde la Ziwa Rukwa kulima mpunga. Chukua mfano wa bibi aliyefuatana na wanawe bondeni kwa miezi michache. Uhakiki ukipita, nyumba imefungwa. Kwenye karatasi anaweza kuandikwa "amehama", na hapohapo anasimama mstari mmoja na marehemu anayelipwa.

Kisha kuna ile kauli ya "Rukwa kuna chakula, umaskini unatoka wapi?" Ni kweli mahindi ya Rukwa yanalisha mikoa mingine. Ila mjane asiye na nguvu ya kulima hashibi kwa kuangalia ghala la jirani.

Bibi huyu akifutwa kimakosa anapoteza fedha ya daftari na chumvi. Na akiambiwa arudishe alichokula miaka miwili, atakitoa wapi?

Kifanyike nini?

Kwanza, kila jina linalofutwa lisomwe kwenye mkutano wa kijiji pamoja na sababu yake, na mhusika apewe muda wa kujitetea kabla malipo hayajasimama.

Pili, halmashauri zote nne za mkoa, yaani Manispaa ya Sumbawanga, Sumbawanga Vijijini, Kalambo na Nkasi, zikitangaza kaya zilizoondolewa zitangaze pia watumishi wangapi wamechukuliwa hatua kwa kuziandika. Namba ya kwanza bila ya pili ni nusu ya taarifa.

Malipo kwa simu na benki yanasaidia kupunguza mikono inayoshika fedha. Hayafuti mkono unaoandika orodha. Mkutano wa kijiji ujao, ukiona jina la jirani limekatwa, uliza swali moja tu: nani alilithibitisha mwanzo?