Mtoto wa kifafa anapoongezewa dawa ya pili

Mzazi, mtoto akiongezewa dawa ya pili ya kifafa, usiiache ya kwanza mpaka daktari aseme. Fenobabitali ikikatizwa ghafla huweza kuleta degedege lisilokoma, na hilo huua.

Watoto wengi nchini huanzia fenobabitali kwa kuwa ni ya bei nafuu. Ikiongezwa valproeti, ini huchelewa kuiondoa fenobabitali, nayo hurundikana mwilini. Mtoto aliyekuwa akicheza anashinda amelala, akisimama anayumba. Nyumbani husemwa, "Dawa imemtuliza." Huenda imemzidi. Mrudishe kliniki kipimo kiangaliwe, usikipunguze mwenyewe. Lawama si yenu peke yenu. Sisi madaktari huandika dawa ya pili kwa dakika tano bila kueleza haya.

Wa chini ya miaka 2 hunipa wasiwasi zaidi. Valproeti ikichanganywa na dawa nyingine, hatari ya kuumia ini, ingawa ni nadra, huwa kubwa kwao. Akitapika mfululizo, akikataa kula au macho yakiwa ya manjano, nenda hospitali siku hiyo hiyo. (Na dawa za mizizi nazo hupita kwenye ini.)

Lipo pia la malaria. Fenobabitali na kabamazepini huweza kupunguza kiwango cha dawa mseto ya ALU mwilini. Ukiandikiwa ALU, taja dawa za kifafa. Homa ikiendelea baada ya siku 3, akapimwe tena.

Nanyi wa Mpwapwa na Kondoa, njooni kabla vidonge havijaisha, si siku ya kidonge cha mwisho.