Sukari ikishakamatwa, inaenda wapi?

Mei 2023, Mkuu wa Utumishi wa Umma Felix Koskei alitangaza kuwa maafisa 27 wa serikali wamesimamishwa kazi. Kisa? Magunia 20,000 ya sukari iliyoingizwa nchini 2018, ikapimwa, ikaonekana haifai kuliwa na binadamu. Ilikuwa igeuzwe spiriti ya viwandani. Badala yake ikatoka ghalani, ikaenda zake. Gunia ni kilo 50, piga hesabu mwenyewe: kilo milioni moja! Na kati ya waliosimamishwa walikuwemo watu wa KEBS na KRA, wale wale tunaowategemea watukinge.

Msiniambie sheria hakuna. Sheria ya Afya ya Umma, Sura 242, iko tangu 1921, enzi za mkoloni. Ile ya Vyakula, Dawa na Kemikali, Sura 254, ni ya 1965, uhuru ukiwa bado mchanga. Afisa wa afya ana nguvu ya kuingia, kupima na kukamata chakula kibovu, na kibovu kikaharibiwa. Bibi zetu wamezeeka na sheria hizi.

Na hiyo nguvu hutumika sana tu, muulize mama wa viazi karai pale karibu na feri Likoni. Kanjo wakitua, beseni linamwagwa papo hapo, watu wote wanaona. Hakuna makaratasi, hakuna ghala, hakuna kusubiri miaka mitano. Sasa mbona mzigo wa tani elfu moja unawekwa kimya hadi unapata miguu?

Kukamata sipingi, tuelewane. Mwaka 2004 mahindi yenye aflatoksini yaliua watu 125 huko Makueni, Kitui na majirani zao. Chakula kibovu si mchezo. Lakini kukamata ni nusu ya kazi.

Ninachodai ni hiki: mzigo mbovu ukishikwa pale Kilindini, tutangaziwe ni magunia mangapi, yako ghala gani, yanaharibiwa siku gani. Vijana wa Changamwe, ambao malori ya bandari yanawapita mlangoni kila siku, waalikwe kushuhudia, simu mkononi. Maana sukari ikichomoka, sidhani itaishia supamaketi za wenye nazo. Itapakiwa upya, ije Kisauni na Likoni kwenye maduka yetu ya kupimiwa robo robo, mahali ambapo gunia likishafunguliwa hakuna anayeuliza lilikuwa na jina gani.

Wale 27 walitajwa kwenye habari. Sukari yenyewe nani aliinywa chai?