Istilahi za Tiba: Kupenya au Kupenyeza?

Mnamo mwaka wa 1988, watafiti waligundua kwamba Tat, protini ya virusi vya UKIMWI, huweza kuingia yenyewe ndani ya seli. Mwaka wa 1999 iliripotiwa kwamba kipande chake kifupi, kilichoambatanishwa na protini nyingine, kiliifikisha hadi ubongoni mwa panya. Adui akageuzwa mchukuzi!

Tiba za aina hii zikifika Nyeri, Karatina au Nanyuki, muuguzi atamwelezaje mgonjwa? Sheria ya Afya ya Kenya ya 2017 inataka mgonjwa aelezwe, inapowezekana, kwa lugha anayoielewa.

Tafsiri ya haraka ingezaa "protini mchanganyiko zinazopenya seli". Istilahi hiyo inapotosha. Vilivyochanganywa hutenganishika, kama mahindi na maharagwe katika githeri. Ilhali hapa jeni huunganishwa, ukazaliwa mnyororo mmoja. Aidha, kupenya ni kuingia mwenyewe. Kupenyeza ni kuingiza kingine. Waliosema penye udhia penyeza rupia waliijua tofauti hiyo bila maabara. "Protini ambatani penyezi" ni bora zaidi, na aliyesoma nomino ambatani hataistaajabia.

Hata hivyo, istilahi ikiishia jaridani ni bure. Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia ya TUKI ilitoka 1990, kabla ya jaribio lile la panya. Idara za Kiswahili ziwaendee wauguzi wa hospitali ya rufaa ya Nyeri, ziyapime maneno haya nao, kabla mgonjwa hajatia sahihi fomu ya ridhaa asiyoielewa.