Kabla hujauza kompyuta ya mezani ukimbilie laptopu, soma hii

Wauzaji wenzangu, leo naomba nibishane kidogo na mafundi, na hata na baadhi yenu humu. Kila mtu akiuliza "nina kompyuta ya mezani, haishiki Wi-Fi, nifanyeje?", jibu la kwanza ni lile lile: uza hiyo, tafuta laptopu. Mimi napinga. Kama tayari una mashine ya mezani nzima, uwe Ngara mjini, Kabanga, Benaco, Nyakahura au Biharamulo, kuifunga kadi ya Wi-Fi yenye Bluetooth ni matumizi bora ya hela kuliko kuiuza kwa bei ya kutupa halafu ukaongezee laki kadhaa juu.

Niseme kwa nini jambo hili linanigusa. Nauza mashuka na vitenge mtandaoni, natuma kwa basi. Kompyuta yangu ni Dell ya mtumba, ile nyembamba ya ofisini, niliyoletewa kutoka Mwanza. Hizi mashine za ofisini nyingi hazina Wi-Fi kwa sababu zilitengenezewa ofisi zenye waya wa mtandao ukutani. Huku kwetu huo waya wa ukutani utautoa wapi? Nikafanya wanavyofanya wengi: nachomeka simu kwa waya wa USB, naruhusu kompyuta itumie intaneti ya simu, maisha yanaendelea. Wala haigharimu kitu.

Ubaya wake hauonekani siku ya kwanza. Mteja akipiga unachomoa. Ukimaliza unarudisha. Mtoto akipita anavuta waya. Mimi baada ya miezi kama saba sistimu chaji ikafa, Jumamosi jioni. Na simu yenyewe ndiyo iliyokuwa na WhatsApp ya biashara, ndiyo yenye laini ya kupokelea hela, na ndiyo ilikuwa intaneti ya kompyuta. Vyote vitatu vikalala kwa pamoja.

Siku hiyo hiyo mchana dada mmoja wa Nyakanazi alikuwa amenitumia elfu 96 za pea mbili za mashuka. Simu imekuja kuwaka Jumatatu jioni. Nakuta meseji zake 31. Za kwanza ni "vipi mpendwa, umepata hela?" Za mwisho sitaziandika hapa. Alikuwa ameshaweka namba yangu kwenye grupu la kina mama, na neno tapeli pembeni. Nikampigia, nikaomba radhi, mzigo ukaondoka Jumanne asubuhi, nikampigia picha hadi risiti ya basi. Aliupokea, akafuta maneno yake. Waliokwisha kuyasoma siwezi kuwafuta. Na yeye hajaagiza tena mpaka leo.

Mtu ataniambia, si ungeazima simu? Niliomba. Lakini nani atakuachia simu yake ifungwe kwa waya kwenye kompyuta yako saa nzima? Hotispoti ni tofauti, jirani anawasha, simu inabaki mfukoni mwake, anaendelea na mambo yake. Na WhatsApp siku hizi ukishaiunganisha na kompyuta haihitaji simu yako iwe hewani, tangu walipoleta mfumo huo mwaka 2021 inaendelea yenyewe hata simu ikizimika, hadi siku 14. Yaani ningekuwa na kadi ya Wi-Fi, yule dada angejibiwa Jumamosi ile ile saa moja usiku kwa bando la jirani. Hapo ndo nilipoacha kuiona kadi kama anasa.

Sasa tuelewane kitu kimoja kabla hujatoa hela. Wi-Fi siyo intaneti. Kuna watu wamefunga kadi, hawajaona intaneti, wakamlaumu fundi. Kadi ni sikio tu. Lazima kuwe na kinachoongea: hotispoti ya simu, au ruta ndogo yenye laini. Kama mtandao wa simu eneo lako ni wa kusuasua, kadi haitauongezea kasi.

Kwenye kuchagua, kuna njia mbili. Kuna kidude cha USB unachochomeka nje kama flashi, na kuna kadi ya kufunga ndani ya lile boksi tunaloita CPU. Nilianza na kidude, elfu 18. Sisemi kibaya. Kama kazi yako ni kujibu WhatsApp na kutuma bei, kinatosha. Lakini kilinifundisha mambo. Cha kwanza, vile vya bei ya chini vingi vinashika mawimbi ya 2.4 GHz tu. Simu mpya hotispoti yake inaweza kuwa imewekwa 5 GHz, basi kompyuta haioni kitu, unatafuta hadi unachoka. Ingia kwenye mipangilio ya hotispoti ya simu, badilisha iwe 2.4. Cha pili, ukikichomeka nyuma ya boksi lililowekwa chini ya meza, bati lote liko katikati yake na simu. Na zile tundu za bluu za USB 3 zina kelele inayosumbua mawimbi ya 2.4, hivyo chomeka kwenye tundu la kawaida, au tumia waya wa kurefusha ukitoe juu ya meza. Nilipofanya hivyo tu kasi ikabadilika. Cha tatu, changu hakikuwa na Bluetooth.

Ndipo nikaenda kwenye kadi ya ndani. Na hapa ndipo watu wanapoliwa hela, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Kadi inaingia kwenye sloti iitwayo PCIe. Ya Wi-Fi ni fupi, inaitwa x1, lakini hata sloti ndefu zaidi inaipokea, usiogope. Kabla ya kuagiza, zima, chomoa umeme, bonyeza kitufe cha kuwashia mara moja ili umeme uliobaki uishe, fungua ubavu, piga picha ya ndani. Mtumie muuzaji picha hiyo. Angalia pia unene wa boksi. Mashine nyembamba kama yangu inataka kadi yenye kibati kifupi cha nyuma. Kadi nyingi zinakuja na vibati vyote viwili kwenye boksi, nyingine haziji. Muulize muuzaji kabla hujalipa, maana ukiletewa yenye kibati kirefu tu, utaishia kuiacha inaning'inia bila skrubu, na antena zitaivuta mpaka itoke.

Halafu Bluetooth. Hili hata mafundi wanalisahau, nililiona kwa macho yangu. Kadi yangu ilifungwa, Wi-Fi ikawaka vizuri, Bluetooth haipo kabisa, wala haionekani. Fundi akasema kadi ni feki, rudisha. Haikuwa feki. Kwenye kadi hizi Wi-Fi inapita kwenye ile sloti, lakini Bluetooth inapita njia ya USB. Ndiyo maana ndani ya boksi la kadi kuna kawaya kadogo. Upande mmoja unakaa kwenye kadi, wa pili unakaa kwenye pini 9 za USB zilizo juu ya madabodi. Kasipochomekwa, Bluetooth haitaonekana hata ukiweka draiva za dunia nzima. Kangu kalikuwa bado kwenye nailoni yake, kwenye boksi, juu ya kabati la fundi.

Kwa hiyo kwenye ile picha ya ndani tafuta na pini hizo. Kwenye baadhi ya mashine za mtumba zipo moja tu, na zimeshachukuliwa na tundu za USB za mbele. Ikiwa hivyo, uchague: upoteze tundu za mbele, au uchukue kadi ya Wi-Fi peke yake na kidude kidogo cha Bluetooth cha kuchomeka nje. Mimi ningechukua la pili.

Mtego mwingine ni namba. Kuna watu wananunua ile chipu ndogo peke yake, ya M.2, kwa sababu ni rahisi. Intel AX200 na AX210 zinafanya kazi kwenye mashine nyingi. Lakini AX201 na AX211, zinazofanana nazo kwa macho, zinahitaji madabodi maalumu ya Intel iliyotengenezewa hizo. Tofauti ni tarakimu moja tu, na hela imekwenda. Soma namba mara mbili.

Kuhusu bei, yangu nilinunua elfu 75 Mwanza na nikalipia mzigo kwenye basi. Bahati nzuri tangu Daraja la J.P. Magufuli lifunguliwe pale Kigongo–Busisi Juni 2025 hatusubiri kivuko, mzigo wa asubuhi unafika siku hiyo hiyo. Ila usinunue kadi ya gharama kubwa kwa mashine iliyozeeka. Kama kompyuta yako inaishia Windows 10, ujue Microsoft ilisitisha msaada wake wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Mashine kama hiyo itafutie kadi ya kawaida, ukiibadilisha siku moja hujapoteza sana.

Draiva usiisubiri ijilete. Pakua kwa simu kabla ya kufunga, weka kwenye flashi. Vile visidii vinavyokuja kwenye boksi, nani ana pa kuvisomea siku hizi?

Sasa matatizo ya baada ya kufunga, ambayo hakuna aliyenionya. Usiku wa kwanza nilifurahi, nikaacha hotispoti imewashwa nikalala. Asubuhi bando la wiki limeisha. Windows ikiona Wi-Fi inadhani uko kwenye intaneti isiyo na kikomo, inaanza kupakua masasisho yake. Dawa ipo. Nenda kwenye mipangilio ya Wi-Fi, bonyeza jina la hotispoti yako, washa palipoandikwa Metered connection. Fanya hivyo siku ya kwanza, kabla hata hujafungua WhatsApp. Na kwa kila hotispoti mpya unarudia, haijirithi.

Walioko Rusumo na Kabanga wana la ziada. Simu ikiwa juu ya meza mpakani inaweza kudaka mnara wa Rwanda au Burundi, na hotispoti inaendelea kama kawaida, wewe hujui salio linakwenda wapi. Zima data roaming kwenye simu ya hotispoti, na chagua mtandao wako kwa mkono badala ya kuiachia simu ijichagulie.

Bluetooth yenyewe isifanywe kubwa kuliko ilivyo. Watu wanadhani ni ya kuhamishia picha za bidhaa. Ukipiga picha 40 za vitenge, kila moja MB 4, kwa Bluetooth utakaa zaidi ya dakika 10, na ikikatika katikati unaanza upya. Picha nahamisha kwa Wi-Fi, au hata kwa waya, nachomeka mara moja kwa siku. Bluetooth naitumia kwa spika za masikioni nikisikiliza sauti za wateja huku nafunga mizigo, na kwa printa ndogo ya lebo. Kwenye printa uliza kabla hujanunua kama inakubali kompyuta, kwa sababu nyingi za hizo ndogo zimetengenezewa programu ya simu tu.

Nikubali palipo na hoja ya wenzangu wa laptopu. Umeme ukikatika, mimi nazimika na kadi yangu na antena zangu, mwenye laptopu anaendelea. Kama eneo lako umeme unakatika kila siku saa za biashara na huna hela ya betri ya akiba, hoja yao ni nzito, sibishi. Vilevile kama unauza ukizunguka minadani. Lakini wengi wetu tunaofunga mizigo nyumbani tatizo letu siyo hilo. Tatizo ni kwamba biashara nzima tumeining'iniza kwenye tundu moja la chaji.

Antena zangu nimeziweka juu ya kabati, zile zenye sumaku chini na waya wake, kwa sababu nyumba ni ya tofali za kuchoma na simu naichajia chumba cha pili. Hapo nimerudi 2.4, kwa sababu 5 GHz ukuta mmoja tu unaipunguza sana.

Jumamosi hii namfungia jirani yangu, yule aliyekuwa ananiwashia hotispoti. Ameshaagiza yake bila kuniuliza, na boksi lake ni jembamba kama langu. Nimeifungua kadi jana, kibati ni kimoja tu, kirefu. Kwa hiyo tunaanza kwa kumpigia muuzaji.